Bakuli la Maji Juu ya Trekta

Mpendwa Baba Idi,

Naogopa. Nakuambia mapema usije ukanicheka katikati ya barua, maana nakujua. Nimekaa barazani na kalamu ya mwanao, na huko uani nasikia nyundo ikigonga chuma. Ni Idi. Tangu asubuhi amelipandisha trekta letu kuukuu, lile la kijiji lililobaki uani kwetu, kwenye jeki, gurudumu la nyuma la kulia kalitoa, na sasa yuko chini yake. Ni ekseli ile ile, Baba Idi. Beringi yake imelika tena na gurudumu linacheza.

Nilimwambia amsubiri fundi wa Buguruni aliyempatia beringi nyingine. Akanijibu, "Mama, mie si mtoto. Baba si aliifunga mwenyewe, peke yake?" Peke yako! Nikaja kuitafuta kalamu, maana ningefungua mdomo ningelia. Laiti angejua kwamba siku ile na yeye alikuwepo, tumboni mwangu, ananipiga mateke.

Trekta lile lilikuwa zee hata tulipolipokea. Mzungu wa shamba la minazi aliliacha alipoondoka, na kijiji chetu cha ujamaa kilipoanza huku nyuma ya Mbagala tukaambiwa ni letu sote. Wewe ukawa dereva na fundi wake. Watu walivyolipenda! Kila Jumamosi kina mama walilifanyia usafi, mama yako akiwa mbele, na ndoo za maji ya kisima, sabuni na makumbi ya nazi. Walilisugua mpaka katikati ya magurudumu kama mtoto anayepelekwa madrasa. Ukamwambia, "Mama, maji hayo yanatosha." Akakujibu mbele za watu, "Kwani wewe hutaki mali ya umma ing'ae?" Ukaondoka.

Masika yalipokaribia, gurudumu likaanza kunguruma. Ukalisimamisha. Shamba lilikuwa halijalimwa, na mkutanoni mwenyekiti wa kijiji akasema trekta la wananchi haliharibiki lenyewe, lazima kuna mkono wa mtu. Neno hujuma likaanza kuzunguka. Unakumbuka tulivyokuwa tunaliogopa neno lile? Mtu aliweza kuondoka nalo nyumbani asirudi. Mimi nilikuogopea wewe. Wewe ulikuwa ukimtazama mama yako, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Lazima nilifungue kabla hawajalifungua wao."

Ndiyo maana hukungoja jeki kubwa. Uliazima jeki ya lori, ndogo, ukaiweka juu ya ubao kwenye huu mchanga wetu usioshika kitu. Chini ya trekta ukapanga magogo ya mnazi. Kisha ukaingia jikoni ukachukua bakuli langu la bati lenye maua, ukalijaza maji mpaka ukingoni ukaliweka juu ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Mimi ukaniketisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na tumbo langu mbele.

"Kazi yako ni kutazama maji, Zaina. Yakitulia, mie niko salama. Yakicheza, piga kelele."

"Kelele gani?"

"Zile zile zako za kila siku."

Ukacheka, ukalala chali ukaingia chini. Nilitamani kukuvuta miguu nikurudishe ndani. Nikayakodolea macho yale maji mpaka yakaniuma. Kila mara ulikuwa unaita, "Maji?" nami najibu, "Yametulia." Nzi alipotua ukingoni moyo wangu uliruka. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kujifungua.

Ukawa umeshaichomoa ekseli na uko chini unachokonoa vipande vya beringi, ndipo mwenyekiti akaja na kundi la watu. Nikawaambia wasisogee, lakini nani atamzuia mtu asiguse trekta lake? Huyu kaegemea tairi, yule kashika usukani. Mwenyekiti akakanyaga kidato, akapanda kuchungulia. Maji yakalala upande mmoja, yakamwagika.

Sikuita hata jina lako. Nilipiga yowe. Ukachomoka kama panya, gogo likateleza, na trekta likakaa mchangani kwa kishindo. Kofia yako tuliifukua baadaye, imekuwa bapa kama chapati.  Mama yako, aliyekuja nao, alikuwa ameketi mchangani.

Mwenyekiti akakuuliza kilichoiua beringi.  Kiganjani ulikuwa na vipande vyenye kutu, na grisi iliyogeuka nyeupe kama uji kwa maji yaliyoingia. Uliyaona, maji ya Jumamosi, na mimi niliyaona. Ulifumba kiganja.

"Ni uzee, mwenyekiti. Chuma kimechoka. Hakuna mkono wa mtu hapa."

Akakutazama, akapatazama pale kofia ilipobaki, akasema, "Basi lifungeni." Neno lile halikutajwa tena. Beringi mpya ukaichemsha kwa oili kwenye sufuria langu la pilau ili itanuke iingie kwenye ekseli, na tangu hapo sufuria likawa lako. Mama yako ukamwambia tu, "Kuanzia leo, mama, tambara kavu." Hakuuliza kwa nini.

Jioni ulishindwa kula. Tonge lilikuwa linadondoka vidoleni, ikabidi nikulishe. Ukaniambia, "Niliogopa, Zaina. Kule chini nilikuwa nasikiliza sauti yako tu." Miaka mingi baadaye homa ilipokuchukua kitandani, hapa hapa mbele yangu, hukuita. Ningekuitikia.

Nyundo imenyamaza. Ngoja.

Nimerudi. Yu mzima, alikuwa anabadilisha spana. Nilitoka na bakuli lile lile, maua yamebanduka, nikalijaza maji nikaliweka madigadini. Akasema, "Mama, nenda kapumzike." Sikwenda. Nikamweleza habari ya maji, yote, na ya bibi yake.  Kisha ikatoka sauti kule chini, ndogo, ambayo sijaisikia kwake tangu aache kulala na taa:

"Mama, basi kaa hapo."

Kumbe naye anaogopa. Kwa hiyo naiacha barua hapa, mume wangu, kwa sababu nikiandika siwezi kuyatazama maji. Mbuzi ya nazi nimeshaitoa nje. Nimemsikia sasa hivi akiita, kwa neno lako mwenyewe, "Maji?" na bado sijamjibu.

Mkeo,
Mama Idi