Mkono Ulionishika

Shoga, uko? Nimejifungia chooni.

Leo tumeonyeshwa ile filamu ya mazoezi ya kundi letu la baleti. Unakumbuka nilivyoanguka mazoezini, ukawa unanisukuma kwenye kiti cha magurudumu? Mwenzangu anayeninyanyua aliapa kwamba niliteleza. Nikaamini. Nikamwomba radhi mimi!

Sikuteleza. Kamera imeuonyesha mkono wake ulionishika. Aliufungua mwenyewe, taratibu, huku ananitazama.

Aliufungua!

Hakuna mwingine aliyeona. Unatujua wachezaji, kila mtu alikuwa anajitafuta mwenyewe kwenye picha.

Kisha yeye akaniinamia sikioni: "Umependeza ukiwa hewani, mdogo wangu."

Njoo unichukue. Sasa hivi.

Anagonga mlango. Anasema, "Toka basi, mdogo wangu, tunarudia kunyanyua. Leo hakuna kamera."