Uzito wa Usukani Wako

Kaka Marwa,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako sitaiuliza, maana niliiona mwenyewe ikiisha, na ya kwangu ingekuwa nzuri kama ungekuwepo kuiuliza. Basi nianze na gari, kwa sababu hata ungerudi leo ungeuliza gari kwanza, mama baadaye.

Gari lipo, ule mchomoko wako wa kubebea abiria. Lilikaa chini ya turubai tangu tulipokuzika, kuku wakalala juu yake. Nitakueleza yaliyolipata, ila naomba usinikatize kama ulivyozoea.

Nyakunguru bado inachimbika. Limetoka duara jipya, shimo la dhahabu, nyuma ya shamba la jirani, watu wamekuja na ndoo na tochi kutoka kila upande, na karasha zinasaga mawe kutwa nzima. Lile vumbi lililokula kifua chako wakati ukiwa kijana wa karasha bado linatua juu ya mboga za mama. Siku hizi wengine wanamwagia mawe maji kabla ya kusaga. Nikiwaona nafurahi, halafu nakasirika, halafu naingia ndani.

Banda letu la gemu liko wazi. Wachimbaji wanakuja wakitoka duarani, wanakaa kwenye kiti ulichokifungua kutoka gari bovu, wanashika ule usukani wa plastiki, na wote wanataka gari jekundu linalokimbia, lile linalogonga ukuta na kuendelea na safari. Nikiwawekea la kwako wanapinduka kona ya kwanza, kisha wanasema mashine imeharibika. Nawajibu kwa maneno yako, kwamba mashine ni nzima, dereva ndiye mbovu.

Unakumbuka ulivyogombana na gemu lile? Daktari alikuwa amekukataza kushika gari, kwa sababu ulikuwa unaishiwa pumzi hata ukifunga kamba za viatu. Ukaenda Mwanza ukarudi na kompyuta, usukani na pedali tatu. Mama alidhani umechanganyikiwa. Siku ya kwanza uliendesha kidogo tu ukasimama, ukasonya. Ukasema gari hili halijawahi kubeba mtu. Spring ngumu, matairi yamejaa upepo kama yametoka dukani, tanki limejaa mafuta. "Mchomoko gani umewahi kuona tanki limejaa?" ukaniuliza, nami nikacheka mpaka ukacheka, na kucheka kukakuletea kikohozi.

Ndipo tukaanza kazi. Mimi nilisoma Kiingereza cha kwenye kioo, wewe ukasema maana yake barabarani. Tukachagua kigari kidogo kinachokaribiana na mchomoko wako. Tukalegeza spring za nyuma. Tukapunguza upepo wa matairi. Tukaligeuza gurudumu la mbele kidogo, ili gari livute kushoto kama lilivyovuta tangu ulipoingia kwenye lile shimo la njia ya Tarime. Breki tukazifanya zishike mbele zaidi. Tulipofika kwenye uzito wa kuongeza, mimi nilitaka kuandika namba tu, wewe ukapanga abiria. Hapa weka walimu wawili. Hapa weka mama mwenye debe la dagaa. Huyu mzee akae nyuma na mbuzi wake, usimsogeze. Kila uliyemtaja nilimwongeza, na gari likainama nyuma, nawe ukatabasamu. Ukasema sasa linaanza kusema ukweli.

Nilikuuliza siku moja faida ya taabu yote ile, kwa sababu gemu halina vumbi, halina ng'ombe wanaovuka, halina trafiki. Ukasema gari halisi dereva analisikia kwa makalio, lakini gemu halina makalio, lina mikono tu. Kwa hiyo yote ambayo mgongo ungekuambia, tairi linapoanza kuteleza, mzigo unapohama, inabidi usukani ukuambie. Usukani ukidanganya, gemu zima ni uongo. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, kaka, na utaona kwa nini.

Baadaye ukawa unachoka upesi, ukizunguka mara chache unaniachia kiti. Ukawa unakaa kwenye benchi upande wa kushoto, mahali pa abiria wa mbele. Hukunifundisha kwa maneno mengi. Kona ikikaribia ulisema tu, "Legeza mkono, Bhoke. Gari linaijua njia." Mara nyingine ulinituma maji, nikirudi nakukuta umeinamia kioo unabonyeza kitu, nawe unasema hamna, endelea. Niliendelea. Usukani ulikuwa mwepesi, nikajiona dereva hodari.

Ulipofariki, baba mdogo Magige alisema wazee watakaa kwa bibi kule Nyanungu siku ya kumaliza matanga, vitu vyako vigawiwe, na gari liuzwe. Gari lisilo na dereva ni kiota cha kuku, alisema, na kuku walikuwa pale pale juu yake, sikuwa na la kubisha. Nikasema dereva yupo. Wakatazamana. Nikasema ni mimi, msichana wenu, leseni ninayo, nimefundishwa na Marwa mwenyewe. Mama aliniangalia kama nimetukana mbele ya wakwe. Baba mdogo hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi.

"Wewe umeendesha kiti, mwanangu," alisema. "Kiti na televisheni."

Tukakubaliana hivi: siku ya matanga niwapeleke Nyanungu mimi. Nikiwafikisha, gari litabaki nyumbani. Nikishindwa, mnunuzi atafutwe, na mimi nisilitaje tena. Nilikubali haraka mno. Unanijua.

Kesho yake nilifukuza kuku, nikalipeleka gari kwenye barabara ya mtoni, peke yangu. Marwa, halikuwa gari lako. Liliruka kwenye kila jiwe kama mbuzi aliyefunguliwa. Nilipokanyaga breki pale kwenye kona, mkia ukaja mbele, nikavuta usukani na usukani ukagoma, nikaishia kwenye mihogo ya watu. Sikuumia. Lakini nilikaa pale ndani, nikaelewa kitu ambacho gemu lako halikunipa hata chembe. Kwenye gemu ukipinduka unabonyeza, unaanza upya. Pale hapakuwa na cha kubonyeza. Mwenye mihogo alikuja akanitazama, akauliza kama mimi si mdogo wake Marwa, nikasema ndimi, akatikisa kichwa akaenda zake.

Habari ilifika kwa baba mdogo kabla yangu. Aliniongezea ugali tu. Mimi niliingia bandani nikaendesha lile la kwenye kioo, likapita kona zote kwa utulivu, nikataka kulitupa nje. Nilikukasirikia, kaka. Nilijiambia umenifundisha uongo, na hukuaga.

Jibu lilikuja nikiwa nafunga turubai, nikaona vile viti vya nyuma vitupu. Wewe hukuwahi kuendesha lile gari likiwa tupu. Hata siku moja. Mchomoko hauondoki stendi mpaka ujae, na ukijaa unaongeza wawili. Uliyonifundisha yalikuwa ya kweli, ila ni kweli ya gari lenye walimu, dagaa, mzee na mbuzi. Basi nikachukua magunia, nikaenda kwenye magwangala, yale mawe ya kutupwa ambayo watu huyachambua wakitafuta chembe ya dhahabu, nikajaza. Akina mama wa pale wakaniuliza nimeona nini kwenye mawe yale. Nikawaambia nimeona abiria. Nikayapanga kwenye viti kama ulivyowapanga watu, nikaenda mtoni tena. Gari likainama nyuma, likavuta kushoto, likaingia kona kama ninavyolijua. Nililia kwa furaha, na nilikuwa naimba.

Lakini usukani ulibaki mzito. Nilirudi mabega yanawaka moto. Nikadhani umekwama kwa kukaa, nikalipeleka Tarime kwa fundi Yusufu, yule aliyekutengenezea gari miaka yote. Alilala chini yake, akatoka akijifuta mikono. Akasema hakuna kilichoharibika upya. Pawa ya usukani ule, ile inayoupunguzia mikono uzito, ilikufa zamani, na kila alipotaka kuitengeneza wewe ulisema kesho.

"Kaka yako aliukokota hivi hivi," akasema. "Alikuwa na mikono yule."

Nilirudi na maneno hayo njia nzima. Nikawasha kompyuta, nikaenda pale nilipokuwa nakukuta umeinama nikitoka kuleta maji. Ni sehemu inayopanga nguvu ya usukani, jinsi utakavyoshindana na mikono yako. Ilikuwa chini kabisa, Marwa. Ilikuwa mahali pa kuwekea mtoto anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Wewe uliyelaumu spring, uliyelaumu upepo, uliyelaumu tanki. Wewe uliyesema usukani ukidanganya gemu zima ni uongo. Ulikuwa unapunguza kidogo kidogo kadiri mikono ilivyokuwa inakuishia nguvu, na hukutaka nione. Nami nilikuwa naleta maji, narudi, nakaa, najisifu. Niliweka kichwa kwenye ule usukani wa plastiki nikalia kwa sauti, na kijana mmoja aliyekuja kucheza akageuza njia.

Nilipomaliza kulia niliupandisha. Niliupandisha mpaka ukafanana na ule wa kwenye gari, nikafanya mazoezi humo kila asubuhi kabla ya kufungua banda, na jioni nikatembeza abiria wangu wa mawe barabarani. Mikono iliuma, halafu ikazoea.

Siku ya matanga hatukuhitaji magunia. Mama alikaa nyuma na shangazi wawili, unga ukawekwa miguuni, binamu wakajibana, mbuzi wa wazee akafungwa nyuma kabisa. Baba mdogo alikaa mbele, upande wako wa kushoto, ameshika kile kishikio cha juu kwa mikono yote miwili. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mlima wa Nyanungu njia iligeuka utelezi, na katikati ya kona nikasikia kwenye viganja tairi la nyuma linaanza kuhama. Mama aliita jina la Yesu. Mimi nilisikia benchi la bandani. Nikalegeza mkono. Gari likajiweka sawa, likapanda.

Baba mdogo aliachia kishikio tulipofika juu, na hakukishika tena mpaka kwa bibi.

Wazee walikaa. Nguo zako zilienda kwa binamu, jembe na redio kwa baba mdogo. Walipofika kwenye gari mmoja akauliza linauzwa lini. Baba mdogo alikuwa anakula, akameza kwanza.

"Haliuzwi," akasema. "Lina dereva."

Wakaendelea na mengine. Bibi alinishika viganja akaona malengelenge, akavipulizia kama tulipokuwa wadogo.

Kaka, sasa naenda na kurudi kati ya Nyakunguru na Tarime, gari limejaa. Abiria wengine wakiona ni mwanamke wanashuka, kisha wanapanda tena wakiona hakuna gari lingine. Na kuna jambo naomba usinune. Fundi Yusufu anaitengeneza pawa ya usukani wiki hii. Nimekubali. Safari ni nyingi, na kuumia siku nzima kwa ajili yako hakukurudishi. Gari la barabarani litakuwa jepesi, halitakuwa tena lile ulilolijua.

Lile la bandani silibadilishi. Nakuahidi, wachimbaji wacheze na magari yao mekundu, la kwako halitaguswa: walimu wawili, debe la dagaa, mzee na mbuzi wake, tanki lenye mafuta ya kufika tu. Na nguvu ya usukani nimeiacha pale juu, ulipokuwa mzima.

Lala, Marwa. Mama anakusalimu, vumbi tunalimwagia maji. Na mimi nikitaka kukushika mkono, najua pa kukaa.

Mdogo wako,
Bhoke