Besi Wetu Yuko Lindoni

Jumanne, 6 Juni 1995

Mwalimu Sylvanus ameleta wimbo mpya! Kilatini, sauti nne, nota za mistari — na kwaya nzima anayesoma mistari ni yeye peke yake. Kwa hiyo ameugeuza wote kuwa do-re-mi na kuuchapa kwa stensili. Wino mpaka viwikoni. Maneno hakuyaandika. Makusudi! Eti tukiyaona tutayakimbilia na kuharibu nota. Mpaka do-re-mi isafike, maneno yanabaki mfukoni mwake, kama peremende za watoto.

Alhamisi, 8 Juni

Padri katangaza: Jumapili ya kipaimara askofu anakuja. Tukiboronga, misa kubwa wanapewa vijana na magitaa yao. Nimeumia. Tangu nitoke Kisumu kuja kuuza vitambaa hapa Ntinda, sina ndugu Kampala. Nina kwaya tu.

Besi bado wanasumbua. Besi wenyewe ni Oloya, polisi wa Naguru, na Mzee Dawudi, anayekohoa kuliko kuimba. Oloya akishika nota ya soli ya chini, benchi linatetemeka. Nakaa mbele yake. Kwa ajili ya sauti, jamani. Sauti!

Jumanne, 13 Juni

Do-re-mi imesafika! Nikadhani leo maneno. Wapi! Mwalimu akataka besi warudie. Oloya akaangalia saa: "Mwalimu, mimi nakwenda duty. Bosi hapana sikia mambo ya do." Akaondoka. Mwalimu akakunja karatasi ya maneno, akairudisha mfukoni. Nilitamani kumpora.

Jumamosi, 17 Juni

Maneno tumepewa leo. Leo! Na askofu ni kesho. Oloya hakuja, tena Mzee Dawudi kapotewa na sauti kabisa. Nimenakili maneno kwa herufi kubwa, nikayapeleka kambini Naguru. Jirani yake, Filda, akasema yuko kazini mpaka kesho. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. Akauliza: nimwambie dada gani alikuja? Nikasema wa alto. Akacheka sana.

Jumapili, 18 Juni

Mahubiri yanaendelea. Naandika nimejificha nyuma ya Mzee Dawudi.

Oloya yupo! Ila yuko mlangoni, na bunduki. Binti wa waziri anapokea kipaimara, na Oloya kapangwa lindo. Nimemfuata, najifanya nakohoa.

"Afande, njoo uimbe."

"Siwezi toka hapa mlango, Awiti. Watanifunga."

"Basi chukua maneno."

Akanionyesha kwa kidevu: mikono yote miwili iko kwenye bunduki. "Mimi naimba do-re-mi tu. Askofu atajua?"

Askofu kasoma Roma, Kilatini anakijua, atakosaje kujua!

Nimemweleza Mwalimu. Kafumba macho — nikadhani analia. Kisha akanong'ona: besi haji, basi kwaya iende kwa besi. Tutaimbia mlangoni. Na mimi nitamshikia karatasi.

Askofu kasema amina. Tunainuka. Padri anatuonyesha kwa mkono: kaeni! Mwalimu hamtazami. Soprano wameshatangulia. Oloya ametuona tunakuja, kasimama wima kana kwamba anapokea wakubwa — na anasafisha koo.