Harufu ya Lozi Kwenye Kilemba cha Mke Wangu

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla sijaibomoa nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ameajiriwa kwenye kiwanda kinachotengeneza kemikali kutokana na magunzi ya mahindi, hayo hayo tunayotupa, na tangu wamhamishie chumba cha mitambo anarudi jioni kilemba chake kinanukia lozi za kukaanga, harufu tamu kabisa, manukato sijamnunulia, nikimuuliza anasema ni kazi, eti magunzi yakipikwa ndivyo yanavyonukia. Mimi si mtoto. Nikayatia magunzi kwenye sufuria, nikayachemsha mchana kutwa huku nashona, nyumba nzima ikanuka magunzi, lozi hakuna. Dada yangu akasema kuna bwana anayemnunulia manukato, lisemwalo lipo. Basi nikamnunia mke wangu, na yeye naye akabadilika, macho mekundu kila jioni, najua anamlilia huyo bwana, chakula hataki, mara kichwa kinamuuma, mara anakohoa huku kanipa mgongo, visingizio tu, hadi juzi nikamwambia arudi kwao. Akanijibu taratibu, "Hata nikiwa kwetu nitaenda kazini, na harufu itakuwa ile ile." Nampenda, mshauri, roho inaniuma, lakini wakwe nimeshawaita, wanakuja Jumamosi. Niwaambie nini?

Fundi Roho Juu

*

Fundi, pole, wivu nao ni ugonjwa. Pale kwenye sufuria nilicheka peke yangu, halafu nikaendelea kusoma na kicheko kikaisha.

Kiwandani magunzi hayachemshwi kama maharage. Yanatiwa asidi, yanafungiwa kwenye chombo cha chuma na kupigwa mvuke mkali, mpaka sukari iliyojificha ndani ya gunzi igeuke kimiminika ambacho viwanda vingine hukitumia kutengenezea gundi, plastiki, hata dawa. Kimiminika hicho kinanukia lozi. Mkeo alikwambia kweli tangu mwanzo, wewe ukamletea ushahidi wa jikoni.

Sasa nisikilize vizuri. Harufu hiyo haikutakiwa kufika kwako. Mvuke wake unachoma macho, unakereketa koo, unaumiza kichwa, na kimiminika chenyewe kinapenya hata kwenye ngozi. Macho mekundu, kichwa, kikohozi, vyote umeviandika kwa mkono wako ukaviita visingizio. Ama mtambo unavuja, ama barakoa aliyopewa si ya kazi ile, na mtu ambaye angemlalamikia amemnunia.

Leo hii muombe radhi, na usitie "lakini" ndani yake. Kesho mpeleke hospitali, daktari aambiwe anashika nini kazini. Kisha ongozana naye kwa msimamizi wake, mkaulize habari za barakoa, glavu na mtambo, na chumba kile asikiingie mpaka mpate jibu linaloeleweka. Dada yako mwambie apumzishe pua.

Wakwe waache waje. Waambie mtoto wao anaumwa, na kwamba alikuwa anaumwa mbele ya macho yako.