Vile Vindege Vilikuwa Samaki

Lubumbashi

Kwako wifi yangu Riziki,

Usitupe hii barua, wifi! Najua muandiko yangu umeshaitambua, iko kama kuku amepita mu tope. Uko muzima? Kaka yangu, mugongo yake imepoa? Na batoto? Minye niko muzima, nanenepa tu, kwa sababu huku kwa binti yangu Furaha habaniache hata nioshe sahani.

Sasa sikiliza. Bukwe yangu, bwana ya Furaha, amenunua televizyo. Wifi, Mungu iko mukubwa! Ukiilalisha chini, bantu wawili banalala juu yake na mutoto katikati. Nyembamba kama sahani, imebandikwa ku ukuta. Siku ya kwanza kiboko akatoka mu maji mule ndani. Minye muntu wa ziwa, nikavuta miguu juu ya kiti! Ndevu zake unahesabu moja moja.

Jumapili bakaweka video ya ndoa yao, ile ile tuliangaliaka kwangu Kavimvira, ku televizyo yangu ndogo yenye mugongo. Lakini huku! Nimeona jasho ku pua ya pasteri. Nimeona inzi ku gato, ile keki ya ndoa, wifi, na ile gato tuliikula! Nikasogea mupaka karibu. Bukwe akasema, "Mama, rudi nyuma, utaumia shingo."

"Acha, bukwe, niangalie bantu yetu."

Halafu weye ukapita. Na kile kikwembe cha bluu, kile kitenge nilisemaka ni changu.

Nikapiga kelele: "Simamisha!" Picha ikasimama. Wifi, vile vyenye kuchorwa juu yake si vindege. Ni samaki! Samaki wa njano, na macho, na magamba! Na kikwembe changu chenye kupotea kilikuwa cha vindege. Bukwe akanieleza: picha yote ni vitone vidogo vidogo. Televizyo yangu ilikuwa na vitone vichache, ndiyo maana mukia ya ndege na mukia ya samaki vilifanana, doa tu. Na minye niliapaka juu ya lile doa! Nilikuitaka mwizi ku robine ya maji, mbele ya banamuke bote wa Kavimvira.

Si hiyo tu. Unakumbuka nilisemaka, "Muangalie, ku picha ya familia anajificha nyuma yangu, anaficha kikwembe"? Kamera ilizungukaka pembeni, na huku nimeona mukono yako. Blauzi yangu ilikuwa imepasuka mugongoni. Weye umeishika na vidole viwili, unacheka na bantu ili basijue. Miaka mine yote hukuniambia!

Furaha akauliza, "Mama, unalia?"

Nikasema ni moshi. Moshi itoke wapi, hata makaa hatukuwasha.

Nisamehe, Riziki. Mwizi wa kweli simujue. Nina mawazo yangu, lakini nafunga kinywa, hiki kinywa kimeshafanya kazi ya kutosha.

Salimia kaka yangu, bwana yako. Salimia dada yangu mukubwa kule Nyakabere, na mama yako, umwambie asiniogope tena.

Na hii barua usiisome peke yako. Ipeleke ku robine asubuhi, wakati mustari ya kuteka maji iko murefu, umupe mwenye sauti kubwa aisome. Nilikuchafuaka kwa sauti, sitaki kukusafisha kwa kunong'ona.

Ni minye wifi yako mwenye kukosa,
Mama Furaha