Kiburi cha Chiriku

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na mgongo wako waendeleaje na hiyo kazi ya kutunza wazee? Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Cherehani yangu inakohoa kuliko mimi, lakini sare za shule zinashonwa.

Mwanao amekua. Mafua yale ya mwaka jana yameisha, yamebaki masikio tu, yanatoa usaha. Namtilia mafuta ya uvuguvugu kama mama alivyotutilia sisi, kisha naziba kwa pamba ili wenzake wasimcheke kwa harufu. Lililonishinda ni kiburi. Si tulimwita Chiriku kwa domo lake, mpaka tukamwomba anyamaze wakati wa sala ili Mungu awasikie na wengine? Sasa namwita mara tano, ananipa mgongo. Mwalimu naye analalamika. Mimi sikumzaa, naogopa kumgusa. Unasemaje?

Dada yako

1 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila bibi ninayemtunza ni mzito, kumgeuza kitandani ni kama kusukuma kabati. Barua yako nimeicheka, kisha nikaona haya. Miaka sita tu, ameshaota mapembe? Wewe ni mama yake kuliko mimi. Samaki mkunje angali mbichi. Mchape, usinihofu. Nikirudi nataka nikute mtoto anayeitika akiitwa.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu. Mwili mzima, moyo sina. Keti kwanza ndipo usome.

Nilimchapa, tena si mara moja. Wiki iliyopita pasi ya mkaa iliniponyoka, ikaanguka nyuma yake kwenye sakafu ya saruji. Mimi mwenyewe niliruka. Yeye aliendelea kupanga vifungo vyangu kwa rangi, hata bega halikutikisika. Hapo ndipo nilipojua ni nani nilikuwa nikimchapa.

Daktari wa masikio alimchungulia. Ngoma za masikio yote mawili zina matundu, usaha umekula mpaka ndani. La kushoto limekufa. La kulia linasikia ukimsogelea mpaka shavuni. Nikamweleza habari ya mafuta na pamba. Hakunifokea, heri angenifokea. Akasema, "Mama, sikio likitoa usaha, mlete siku ile ile. Halitiliwi kitu."

Siku ile ile. Mimi nilikaa miezi tisa.

Nimempigia magoti mtoto, kisha Mungu, na sasa wewe. Nisamehe.

Dada yako

2 Novemba

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya Juni niliipata, na zile mbili zilizofuata. Sikujibu kwa sababu kila nikishika kalamu, yanakuja matusi, na wewe umenilea. Najua ni mimi niliyeandika mchape. Neno hilo ninaamka nalo. Lakini mimi pamba sikuiona, dada. Wewe uliibadilisha kila asubuhi.

Shangazi yake amempatia nafasi katika shule ya watoto wasiosikia, karibu na kwake. Atakuja kumchukua tarehe ishirini na tano. Mfungie nguo zake.

Mdogo wako

28 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Yangu usiyaulize.

Nguo zake nilizifunga, pamoja na gauni jipya nililoliachia upindo mpana akue nalo. Wifi yako ni mpole. Nimemwonyesha upande wa kumsogelea, na kwamba asimguse ghafla kwa nyuma, na asikubali mtu amwingizie njiti wala mafuta, hata awe mzee wa heshima kiasi gani. Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya akina mama nikawaeleza yote, na fimbo pia. Kesho yake watatu walikuja na watoto wao wenye pamba masikioni, tukaongozana kwa daktari. Najua hilo halikurudishii kitu.

Uamuzi wako siulaumu. Chiriku alipanda gari, akakaa dirishani, amenipa kisogo, anatazama mbele. Lilipoanza kuondoka nilimwita. Mara tatu, kwa sauti yangu yote, sijui kwa nini. Mtaa mzima uligeuka.

Dada yako