Ubao wa Signe Ukutani

Vråheim, Telemark,
Norwe.
24 Novemba 2022

Mpendwa Shemeji Tallak,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba ya wazee wako. Hujambo wewe? Na mwenzako Graciela hajambo? Mguu wake uliovimba wakati wa Pasaka umepona, au bado anabishana na daktari? Huko Argentina najua jua limeanza kukolea, nasi huku tunawasha taa saa tisa alasiri. Miili yetu ni mizima. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, na kaka yako Eivind anakohoa kidogo asubuhi. Kwa upande wa afya hatuna la kulalamika.

Viazi vilitoka vingi mwaka huu, vidogo vidogo lakini vitamu. Kondoo wamebaki sita tu. Lile paa la zizi ulilolipigilia misumari mara ya mwisho ulipokuja linavuja pale pale ulipokuwa ukijisifia, fundi wewe! Nimeweka ndoo chini yake na kila nikiimwaga nakutaja jina.

Lakini, shemeji, sikuketi hapa kukuandikia habari za viazi na ndoo. Nimefanya jambo, na mtu wa kumwambia ni wewe tu. Hapa kijijini kila mtu analijua na hakuna anayelisema.

Unajua ugonjwa wa kaka yako, wa kukusanya skii za kutelezea theluji. Ulipoondoka, skii zilizoning'inia darini zilikuwa jozi hamsini na kitu. Zikafika mia moja na kumi na saba. Kila vuli alikuwa akiongeza mbili: moja ya zamani, aliyoisaka kwenye minada ya mashamba yaliyofungwa, na moja mpya ya mwaka huo huo kutoka dukani, ili mstari usikatike kuanzia zile za babu yenu mkuu, zinazofungwa mguuni kwa mizizi ya mti, mpaka hizi wanazotelezea vijana wa leo. Kila jozi ina karatasi yenye jina la mwenyewe na mwaka. Kila jozi imefungwa tumbo kwa tumbo, na kipande cha mti katikati, ili mpindo wake usife. Na zile za mbao zote zilipakwa lami ya msonobari kila Oktoba zisinywe maji, nyumba nzima ikanuka, hata mkate ukanuka. Nimegombana naye miaka thelathini na minne kwa ajili hiyo. Angeniletea mke mwenza ningejua la kufanya, lakini mwanamke atagombana vipi na mbao?

Zile za ubao mmoja, wanazosimamia kwa ubavu, alizikataa kabisa. Alisema ni sinia la kubebea vikombe. Ni binti yetu Signe aliyemshinda. Alikuwa na miaka kumi na minne, akapanda darini na ubao wake wa kwanza chini ya kwapa, akapigilia msumari mwenyewe mwishoni mwa mstari, akaandika karatasi yake. Baba yake akafoka, naye akamjibu, "Baba, hiki unachokusanya kikiishia kwa wazee tu, basi ni makaburi." Nilidhani atazabwa kofi. Eivind alinuna siku tatu. Siku ya nne nikamkuta darini anamuuliza huu ukingo wa chuma ni wa nini na kwa nini mbele na nyuma vinafanana. Tangu hapo binti ndiye aliyemwambia kipi anunue na kipi ni takataka, na kaka yako akawa anamwita Bibi wa Bohari. Niliwasikia wakicheka kule juu mpaka chakula kinapoa, nami napiga kelele chini kama mwendawazimu.

Februari itakuwa miaka minne tangu mlima umchukue Signe wetu. Sitaandika tena yale uliyoyasikia kwenye simu. Waokoaji walituletea ubao wake, umepasuka ukingo upande mmoja, na Eivind akautundika mahali pa mwisho, jinsi ulivyo, na matope yake. Toka siku hiyo hakuongeza kitu. Hakununua, hakupaka lami, hakupanda ngazi. Msumari uliofuata ukabaki mtupu.

Mimi, kwa akili zangu, nikasema nimsukume. Mwaka jana nilienda mjini nikanunua skii mpya, nzuri, za kijani, nikazitundika kwenye ule msumari mtupu, nikaandika karatasi kwa mkono wangu. Asubuhi nikakuta moja imefanywa komeo la zizi. Na mpaka leo ndiyo komeo. Nikakoma.

Sasa nisikilize vizuri. Moto wa klabu ya skii unaukumbuka, ule wa kuombea theluji kule chini ya mlima. Siku zako ulikuwa utani wa walevi, mtu anatupa skii mbovu na kupiga mayowe. Siku hizi si utani tena. Misimu miwili theluji imetunyima, kamba za kupandishia watu zimening'inia juu ya nyasi, na Bjørgulv, mwenyekiti wa klabu, ameshawafuta kazi watu wawili. Kwa hiyo watu wanatoa vitu vya maana. Unaegemeza unachotoa kwenye ukuta wako wa kusini kabla ya adhuhuri ya Jumamosi ya moto, Bjørgulv anapita na trekta, anachukua. Na utaratibu ni ule ule: hakuna kuuliza. Kumuuliza mtu kama kweli anatoa ni kumwaibisha, kana kwamba unamwona bahili. Wiki hiyo hakuna mwenye akili anayeegemeza kwenye ukuta huo kitu anachokitaka, hata kama ni kukikausha tu.

Eivind hakuwahi kutoa hata fimbo. Walikuwa wakimtania dukani, "Eivind, theluji yetu imekwama darini kwako!" Naye anajibu, "Basi njooni na ngazi." Tangu msiba wameacha kumtania.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, siku ya moto, nilitoka kwa kondoo kama saa nne asubuhi, nikauona ubao wa Signe umeegemezwa kwenye ukuta wa kusini. Umepanguswa matope. Gari halipo. Nilisimama pale na ndoo mkononi, nikawaza: ameutoa. Ameamua kuutoa, na ameondoka ili asione ukienda. Nililia, lakini ukweli wenyewe ni kwamba nililia kwa nafuu. Nilidhani mume wangu anarudi.

Simu ilikuwa mfukoni. Ningebonyeza mara moja tu, nimwambie Eivind, huu ubao vipi? Sikubonyeza. Nilizaliwa hapa, nimefundwa hapa, nami nilijua haiulizwi.

Bjørgulv alifika saa sita kasoro. Alipoona ni ubao wa nani alivua kofia. Ni mimi niliyeshika upande mmoja. Nasema tena ili usije ukasikia kwa watu ukadhani nimeficha: nilishika upande mmoja kwa mikono yangu miwili, tukaupandisha pamoja kwenye trekta. Alinishika bega, akaondoka.

Nikaingia ndani nikaoga. Nikavaa sweta la buluu, la sikukuu. Nikapika ule mchuzi wa kondoo na kabichi anaoupenda, nikachemsha kahawa. Eivind alirudi saa tisa na nusu na mfuko wa duka mkononi, mashavu mekundu kwa baridi. Nikamshika mkono nikamwambia, "Nimeona ulichofanya. Umefanya vizuri, mume wangu."

"Nimechelewa sana," akasema. "Nilipaswa kukifanya zamani."

"Hukuchelewa."

"Angenicheka, yule. Miaka yote hii na matope yake!" Na akatabasamu, Tallak. Wallahi alitabasamu, akala sahani mbili, akaomba kahawa nyingine. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo pale pale mezani. Kisha akaumwaga ule mfuko juu ya meza anionyeshe. Kulikuwa na nta mpya, gundi, utepe wa chuma wa ukingo, na ndoana ya shaba. "Kule juu ulining'inia kwenye msumari tu," akasema. "Nimemnunulia ndoana ya maana. Na kule dukani nimeagiza ubao wa mwaka huu, uning'inie baada ya wake. Yeye angesema niagize huo huo."

Hapo nikaelewa. Nikaanza kukusanya sahani. Akatoka. Nilimsikia akizunguka ukuta, akafungua karakana, akafunga. Akarudi akasimama mlangoni, uso bado una furaha. "Umeuingiza wapi? Nilikuwa nimeuacha ukauke."

Nikamwambia.

Alidhani nafanya mzaha, akasema, "Acha hizo, Gyrid." Halafu akaona sweta langu, na sijui ni kwa nini, lakini alipoliona ndipo akaamini. Tarehe alikuwa ameisahau. Miaka mitatu hajasogelea moto ule, hasomi hata karatasi zinazobandikwa mlangoni pa duka. Kwake ulikuwa ukuta wenye jua, basi.

Tuliendesha gari mbio mpaka chini ya mlima. Moto ulikuwa umeshawaka nusu saa nzima, na ubao wake ndio waliouweka juu kabisa, kwa heshima. Watu walikuwa wameuzunguka, wamevua kofia. Walipomwona Eivind wakampisha njia, wakadhani amekuja kuaga. Mmoja wao akaanza kupiga makofi taratibu, na wote wakafuata. Naye alisimama katikati ya makofi yale, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayepokea shukrani. Hakunitaja. Afadhali angenitaja.

Siku nne baadaye theluji ilianguka. Haikuanguka kwa utani, ilijaa mpaka madirishani. Kamba zimefufuka, watoto wanapiga kelele mlimani, wale wawili wamerudishwa kazini. Tumeletewa keki tatu. Mke wa Bjørgulv alinikumbatia dukani akaninong'oneza, "Signe ndiye aliyetuletea." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Nikamwambia ahsante, nikalipia maziwa yangu, nikaenda kukaa garini mpaka vioo vikazibwa na theluji.

Nyumbani Eivind ananisemesha vizuri tu. Ananipa chumvi nikiiomba. Anafagia theluji mlangoni. Laiti angenitukana! Nimemwomba anitukane, akasema hana cha kunitukania, kwamba nilifanya kama mtu yeyote wa hapa angefanya. Neno hilo ndilo ninalolibeba, shemeji, hilo hilo.

Jumamosi iliyopita nilimsikia anapanda darini. Miaka karibu minne sijasikia hatua zake kule juu. Ole wangu, nilifurahi tena. Nikaenda kuosha vikombe nikiimba. Kisha nikaona kupitia dirishani anazitoa. Anabeba jozi tatu tatu, anazifungua kamba, anakitupa kile kipande cha katikati, anaziegemeza ukutani. Ukuta ulipojaa akahamia kwenye uzio. Za babu mkuu, za baba yenu, zile nyekundu zenye jina lako, zile za minada, zote. Moto umeshapita, hakuna trekta itakayokuja mpaka mwaka ujao. Theluji ilikuwa ikianguka juu yake, theluji nzito yenye maji, na wewe unajua inachofanya kwa mti usio na lami.

Nikatoka bila koti. Nikasimama mbele yake, nikafanya jambo ambalo mtu wa hapa hafanyi. Nikamuuliza, "Eivind, hizi unazitoa?"

Aliegemeza jozi aliyoishika. Hakuwa na hasira, angekuwa nayo ningeishika. Akasema, "Sasa ndiyo unauliza, Gyrid?"

Akanipita, akaenda kuleta nyingine.

Zako nimeziingiza jikoni, ziko nyuma ya mlango. Nyingine nimeshindwa. Kila ninayoiingiza anaitoa, polepole, bila kelele, nami nimechoka. Leo asubuhi nimejaribu kuinua moja ya zile za baba yenu, imenyooka kama ubao wa sakafu, mpindo umekufa, haifai tena kutelezea. Sikuandikii ili uje. Nauli ni kubwa, na hata ukifika sijui utashika nini.

Nisalimie Graciela sana, mwambie akubali ushauri wa daktari. Wasalimie na watoto wake wote, na yule mkubwa aliyeoa, mwambie shangazi wa baridi anamkumbuka. Salamu za Eivind ningekuandikia, lakini hajazitoa, nami sitamtungia.

Mungu awafunike nyinyi wa huko kwa mkono wake, na awape usingizi mnono.

Ni mimi, shemeji yako akupendaye siku zote,
Gyrid